Munyu wa Mama Mkwe

24 Aprili 2006, Jumatatu

Mvua tangu saa nane mchana. Mama mkwe amefika kutoka Matulo kwa pikapu ya mahindi, ameshikwa mkono na mke wangu Nasambu kama mtoto anayepelekwa chanjo. Macho yote mawili yameingia mtoto wa jicho. Anaona mwanga na vivuli, basi. Kuna madaktari wa macho wamekuja hospitali ya hapa Kitale, wataondoka tarehe ishirini na sita Mei.

Nilipoona pikapu nikaingia nyuma ya choo. Kwetu Wabukusu mtu na mama mkwe wake hawashikani mikono, hawali wakionana, hawalali chini ya paa moja. Wakikutana njiani mmoja anaingia kwenye mahindi. Jina lake silitaji, na hata hapa sitaliandika. Kwa hiyo mimi, mwanamume wa miaka hamsini na moja, nilisimama nyuma ya choo changu mwenyewe nikinyeshewa, nikijificha kwa mtu asiyeona.

Kwangu hawezi kulala, kwa hiyo amewekwa kwa Arafa, mjane jirani yetu wa karibu na msikiti, anayeuza mahamri asubuhi. Ua wa michongoma tu ndio unaotutenga.

Daftari hili ni la majaribio ya kemia, lilibaki shuleni. Watu huniita Mwalimu. Mimi si mwalimu, ni fundi wa maabara, naosha chupa za walimu. Na kwa kuwa nimeanza kusema ukweli, niandike na lile ambalo ukoo wangu haulijui: mpishi wa nyumba hii ni mimi. Miaka ishirini na mitatu sasa. Nasambu ni muuguzi hodari, lakini chai yenyewe humshinda. Nikipika nafunga dirisha. Mgeni akibisha, mwiko unahamia mkononi mwa Nasambu kabla hodi haijaitikiwa.

26 Aprili, Jumatano

Daktari amemkataa. Si kwa ubaya. Amesema mama amekonda mno, damu ni chache, tangu aache kuona ameacha na kula. Arudi tarehe kumi na tano Mei akiwa na nguvu. Watafanya jicho moja, na baada ya wiki la pili. Asipopata nguvu, hakuna jicho.

Sasa kumlisha ndiyo kazi. Arafa amempikia pilau, amempikia samaki wa nazi. Nikiwa upande wangu wa ua nilimsikia mama akisema, "Mwanangu, chakura chako ni kizuri, rakini kinanuka sanduku ya nguo."

"Ni karafuu, mama."

"Basi iache kwa sanduku. Mimi nataka mrenda ya munyu. Nasambu atanipikia."

Nasambu akanitazama juu ya michongoma. Sijawahi kuona muuguzi akihitaji msaada hivyo. Ruhusa yake imekwisha, kesho alfajiri anarudi zahanati ya mji mdogo wa Kwanza, ambako yuko kazini Jumatatu mpaka Ijumaa.

Munyu wa kwetu si chumvi ya duka. Ni maji yanayochujwa kwenye majivu ya maganda makavu ya maharagwe. Ukiyatia kwenye mboga, hasa mrenda ule wa kuteleza, zinalainika, na ladha yake mtu wa Matulo hawezi kuieleza bila kumeza mate. Mama yangu alijua kuutengeneza. Dada zangu walifundishwa. Mimi nilifukuzwa jikoni nikachunge ng'ombe. Na maharagwe saa hizi ndiyo kwanza yana majani mawili shambani. Maganda makavu nitayatoa wapi mwezi wa nne?

28 Aprili, Ijumaa

Nimekwenda kwa Lajwanti, yule mama wa Kihindi mwenye duka la viungo. Nikamweleza kwa kuzungukazunguka kwamba natafuta kitu cha majivu.

"Majivu ya kuosha sahani?"

"Ya kula."

Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaniambia mama yake alikuwa akiweka chumvi ya majivu kwenye papadi, ile mikate yao myembamba, na yeye mwenyewe hakujifunza, anatoa kwenye paketi. "Kitu kama hiyo duka haina. Tafuta mama ya kijijini, keti chini, sikiliza yeye mpaka mwisho." Halafu akauliza, "Nani iko taka?"

"Mke wangu amenituma."

"Mwalimu, miaka kumi na nane wewe ndiyo unakuja hapa na orodha. Mke yako hata chumvi hajanunua."

Nikasema nipe magadi. Nikalipa nikaondoka bila kuchukua chenji.

Mrenda wa magadi ulitoka kijani kama rangi ya lango la shule. Arafa aliupokea juu ya ua akaupeleka. Nilichoona, kama tunavyoandika maabara: mama alionja mara moja, akaweka kijiko chini. Alichosema: "Hii ni dawa ya minyoo."

29 Aprili, Jumamosi

Mvua. Nasambu yuko nyumbani. Nimemwuliza munyu hutengenezwaje. Amesema, "Si unachoma kitu, halafu maji?" Mama amekunywa uji nusu kikombe.

1 Mei, Jumatatu

Sikukuu ya wafanyakazi, na ni siku ya soko Chwele. Nimepanda pikapu ya wauza mbuzi na nimerudi na harufu yao.

Nilimpata mama mmoja wa Mlima Elgon anaitwa Cherop, ameketi juu ya gunia kando ya wauza mboga, mbele yake chupa tatu za soda zenye maji ya rangi ya chai nyepesi. Nilijua mara moja. Lakini kumwuliza! Nilimzunguka mara tatu. Mzunguko wa kwanza nikanunua vitunguu. Wa pili nikanunua mpini wa jembe, na jembe sina. Wa tatu akanishika yeye.

"We baba wa mpini, umepoteza ng'ombe hapa?"

"Nauliza tu hiyo chupa."

"Hii ni munyu. Ni ya wanawake. Umefiwa na bibi?"

"Yuko. Amenituma."

"Amekutuma munyu?" Akawageukia wenzake. "Sikieni! Iko bwana hapa ametumwa munyu. Bibi yake amekaa, labda anapasua kuni!"

Wauza mboga wote wakageuka. Masikio yangu yalipata moto. Nikataka chupa zote tatu, akasema mbili ni za mtu, ameshalipa, moja tu ndiyo ya kuuza. Nikamwuliza kwa sauti ya chini hutengenezwaje, ili bibi yangu ajue. Lazima niseme alinionea huruma. Alivuta gunia nikae. Sikukaa. Akaanza kueleza nikiwa nimesimama nikitazama upande mwingine kama mtu anayengoja pikapu: choma maganda makavu, majivu yakipoa yaweke kwa chungu chenye matundu chini, weka nyasi kwanza isipite uchafu, mwaga maji juu pole pole, kinga chini.

Hapo mmoja wa wale wanawake akaniletea aproni, ati nijaribu kama inanitosha. Kicheko kilichotoka pale kilifika Bungoma mjini. Nikachukua chupa yangu na mpini wangu nikakimbia. Nimeandika nikakimbia, na ndivyo ilivyokuwa, na viatu vya kazini.

Nyuma nilimsikia Cherop akiita, "Baba! Baba wa mpini! Ngoja! Ile ya kwanza ni ya—"

Pikapu ikapiga honi, sikusikia la mwisho. Nilidhani ni mzaha mwingine. Njia nzima nimelimalizia mwenyewe. Ile ya kwanza ni ya wageni. Ya wazee. Ni ya heshima, bila shaka.

2 Mei, Jumanne

Mama amemaliza bakuli! Mrenda na kunde kidogo, munyu vijiko viwili, ugali wa wimbi. Nilikuwa nimesimama kwenye michongoma nikisikiliza kama mwizi wa kuku.

"Arafa," mama akasema, "reo nimekura."

"Umepiga kura, mama? Ya ndizi au ya chungwa, kama ile ya katiba mwaka jana?"

"Achana na mambo ya serikali. Nimekura chakura."

Walicheka wote wawili. Na mimi upande wangu nikacheka na mkono mdomoni.

4 Mei, Alhamisi

Mvua. Amekula mara mbili.

6 Mei, Jumamosi

Nasambu amefika kutoka Kwanza na moja kwa moja akaenda kumwona mama yake. Alirudi macho mekundu. Mama alimshika mikono akamwambia, "Niriogopa nitakufa bila kukuona ukijua munyu. Siku ya harusi yako niriona aibu mbere ya shangazi zako. Sasa nimeshiba. Chungu changu cha matundu ni chako."

"Ulimwambia nini?" nikauliza.

"Ningemwambia nini, Baba Khisa? Nilisema asante."

Nilikuwa namenya viazi, nikaendelea kumenya. Chupa ya munyu niliibandikia karatasi kama tunavyofanya maabara, nikaandika MUNYU – BI. NASAMBU, mtu akiingia ghafla aone. Leo hiyo karatasi imetutazama wote wawili kama polisi.

9 Mei, Jumanne

Muhula umefunguliwa jana. Leo limetokea jambo ambalo naliandika nusu kwa aibu na nusu kwa kicheko.

Arafa amekwenda Bungoma, mpwa wake Nafisa anaolewa. Aliniambia asubuhi, "Mwalimu, mchana utampitishia mama bakuli. Weka mezani, atapapasa." Nikasema nitatafuta mtu. Sikupata mtu. Saa saba nilivuka na bakuli, mwiko bado mkononi maana nilitoka jikoni mbio. Nikavua viatu mlangoni nisisikike.

Mama alikuwa ameketi kitini karibu na dirisha, uso kwenye mwanga. Ni mara ya kwanza katika miaka ishirini na mitatu nimemwona usoni kwa zaidi ya nukta moja. Nasambu ana paji lile lile. Nilijiona kama nimechungulia bafuni.

"Arafa?"

Nikakohoa, nikajaribu kukohoa kama mwanamke.

"Umerudi mapema. Shika mkono yangu uniwekee kwa bakuli, isije nikamwaga."

Mkono ukanyooka mbele yangu. Kuugusa siwezi. Kukataa siwezi. Basi nikachukua mwiko, nikauweka chini ya kiganja chake, nikauongoza mkono wake taratibu kama mtu anayesogeza kaa la moto, mpaka ukafika ukingo wa bakuli.

Vidole vikaupapasa mwiko.

"Arafa, reo una mkono ya mti?"

Nilirudi kinyumenyume mpaka mlangoni. Mwiko nimeuacha mkononi mwake. Viatu nilivivalia kwenye matope.

11 Mei, Alhamisi

Chupa imekwisha. Zimebaki siku nne mama arudi kwa daktari, na Arafa anasema amenenepa mashavuni. Chwele leo ni soko, lakini nina madarasa ya vidato vitatu ya kuandalia asidi, na kusema kweli hata ningepata nafasi nisingerudi kwa wale wanawake wa aproni.

Kwa hiyo nimetengeneza mwenyewe. Maganda hakuna, nimechukua majivu ya jiko la shule, ya kuni za mkaratusi, meupe, laini kama unga. Chungu cha matundu sina, lakini nina faneli na karatasi za kuchujia. Baada ya saa kumi nilifunga mlango wa maabara. Maji yalidondoka tone tone, safi, yaking'aa. Nikachovya karatasi nyekundu ya litmasi ikawa buluu kama sare za wanafunzi. Ya pili ilipoanza kutoka nyepesi nikaimwaga. Ya kwanza nimeitia kwenye chupa. Ya kwanza ni ya heshima.

Nimekaa nikiitazama nikajisifu. Nilijiambia, Cherop angeona hii angenipa gunia lake lote nikae.

12 Mei, Ijumaa

Mama ameungua mdomo.

Nilituma mrenda saa saba, vijiko viwili kama kawaida. Arafa aliupasha moto kidogo, akampa. Kijiko cha tatu mama akapiga kelele. Ulimi umetoka malengelenge, midomo imevimba, hawezi hata kumeza mate. Arafa alimsuuza kwa maziwa, akampeleka kliniki kwa baiskeli ya bodaboda, mvua ikiwapiga wote wawili.

Mimi nilipotoka shuleni nikaona sufuria iliyobaki jikoni. Nikachovya kidole kwenye chupa, nikaweka ulimini. Sekunde mbili. Nikakimbilia bomba.

Kwa hiyo najua. Tangu saa kumi na moja jioni najua.

13 Mei, Jumamosi

Nasambu amekuja na gari la kwanza. Hakuingia nyumbani. Alipita moja kwa moja kwa Arafa na nilisikia kila neno, na ua mzima ulisikia, na wateja wa mahamri walisikia.

"Umemwekea nini mama yangu? Pilipili zenu hizo! Mama wa watu anakuja kupona macho, unamchoma mdomo!"

"Wallahi sikuongeza kitu, Nasambu. Nilipasha moto tu."

"Chakula kilitoka kwangu kizima!"

Kilitoka kwangu kizima. Arafa aligeuka akanitazama juu ya michongoma. Alikuwa ananipa nafasi, naona sasa. Nilikuwa nimeshika ufagio.

Nikafagia. Nikafagia pale pale palipokuwa safi.

14 Mei, Jumapili

Mvua. Sikusema.

15 Mei, Jumatatu

Daktari amemrudisha. Hali, hanywi, mdomo una vidonda. Arudi tarehe ishirini na mbili, na hata hivyo litafanywa jicho moja tu, maana la pili lingehitaji wiki nyingine na wao wanaondoka ishirini na sita. Hawarudi Kitale mpaka Novemba.

Jicho moja la mama limekwenda mikononi mwangu. Nimelichuja kwa karatasi.

Nasambu amerudi Kwanza analia. Nilimbebea mfuko mpaka stendi. Mara tatu nilifungua mdomo. Sikusema.

16 Mei, Jumanne

Sinia la Arafa limerudi na mahamri zaidi ya nusu. Kinyozi wa jirani, ambaye hununua manne kila siku, leo alipita akitazama simu ambayo haikuwa imelia. Mtaa umeshapata habari kwamba yule mama wa mahamri huweka vitu kwenye chakula.

Nilinunua sita. Arafa alinifungia kwenye gazeti, akasema, "Huogopi, Mwalimu?"

Sikusema.

17 Mei, Jumatano

Nimesema.

Asubuhi nilikuwa nikivaa, dirisha la jikoni limefungwa kama kawaida yangu, na bado nilisikia. Arafa alikuwa akimlisha mama maziwa baridi kwa kijiko. Mama akauliza kwa ile midomo yake iliyovimba, pole pole, bila hasira:

"Arafa, kwani nirikukosea nini?"

Nikasikia kijiko kikigonga kikombe, kikagonga tena.

Nilitoka na shati halijafungwa vifungo. Nikapita langoni kama watu, si penye michongoma. Nikasimama nje ya mlango wa Arafa. Pazia lilikuwa limeshushwa.

"Hodi. Arafa, mwambie mama sio wewe."

"Anasikia, Mwalimu. Hili ni pazia, si ukuta."

"Mwambie tu."

Arafa akashusha pumzi. "Mama, baba anasema sio mimi."

Mama akasema: "Mwambie baba, ni nani?"

"Anauliza ni nani."

"Mwambie ule munyu nimetengeneza mimi. Shuleni. Na mboga pia." Hapo nikaona kama nimeanza kuteremka mlima, miguu inakwenda yenyewe. "Mboga zote nimepika mimi. Na sio mwezi huu tu. Nasambu hajui kupika. Hajawahi. Mimi ndiye jiko la nyumba ile. Mwambie na hilo."

Arafa hakurudia. Nadhani alishindwa aanzie wapi. Mvua ndiyo kwanza ilikuwa inaanza kwenye mabati.

"Mwambie baba," mama akasema, "ya kwanza arimwaga wapi?"

"Mwambie sikumwaga. Ya kwanza ndiyo niliyompa."

"Na ya piri?"

"Ya pili ndiyo niliyomwaga."

Nikasikia mama akivuta hewa. Nilidhani analia. Nilitazama vidole vyangu vya miguu, nilikuwa nimetoka bila viatu.

"Mwambie baba," akasema mwisho, akikata neno neno kwa maumivu, "ya kwanza ni ya kuosha sufuria."

Ile ya kwanza ni ya. Ya kuosha sufuria. Mama wa watu wa Mlima Elgon aliniita mbele ya soko zima anipe maneno mawili tu, na mimi nilikuwa nakimbia na mpini. Hata Lajwanti aliniambia: keti chini, sikiliza mpaka mwisho.

Ndani kitu kikaanza kutikisika. Arafa alikuwa anacheka, bila kutaka, kama mtu anayepiga chafya msikitini. Na mama akacheka naye, halafu akasema "wui, mdomo, mdomo," akacheka tena.

"Mwambie baba na hiri," akasema. "Mwiko wake uko hapa, nimeuraria. Nirijua ni yeye arireta bakuri siku ire. Ni mkwe tu anaweza kuogopa mkono yangu hivyo. Rakini nirijua amebeba. Sikujua amepika."

Nilitaka ardhi inimeze pale mlangoni.

Arafa aliinua pazia akatoka, akalirudisha nyuma yake vizuri mama asionekane. Hakuwa anacheka tena.

"Mwalimu," akasema, "siku nne."

Nikasema, "Nisamehe, Arafa."

"Siku nne ulikuwa ukifagia." Akaingia ndani.

18 Mei, Alhamisi

Saa kumi na mbili unusu asubuhi nilisimama kando ya sinia la Arafa. Hakuniita wala hakunifukuza. Kila aliyepita nilimwambia: "Aliyemchoma mama mdomo ni mimi. Mimi ndiye niliyepika." Yule kinyozi aliuliza, "Ulipika? Wewe?" Nikasema mimi. "Na bibi?" Nikasema bibi hula.

Alinunua manne. Kabla sinia halijaisha mtaa ulikuwa umenipa jina jipya, Mama Mwalimu. Shuleni wamelipata kabla sijafika. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili ameniuliza kama aproni ya maabara ni ile ile ya nyumbani. Nimemwambia ndiyo, nina moja tu.

20 Mei, Jumamosi

Nasambu alishapata habari akiwa huko Kwanza kabla sijamwambia. "Umenivua nguo mbele ya mama yangu," akasema. Nikasema najua. Alikaa muda mrefu akiitazama chupa yenye jina lake. Kisha akaibandua karatasi, akaikunja, akaenda kwa Arafa peke yake. Alikaa huko saa nzima. Aliporudi alikuwa na mahamri na alikuwa amelia. Hakuniambia walisema nini na sikuuliza.

Mama amekunywa mchuzi wa kunde. Hauna munyu. Amesema afadhali.

22 Mei, Jumatatu

Jicho la kulia limefanywa. Salama.

23 Mei, Jumanne

Wamefungua bandeji. Arafa anasema kitu cha kwanza mama alichokiona ni uso wake Arafa, akamwambia, "Kumbe u mtoto hivi! Nirikuwa nakuita kama mzee mwenzangu." Arafa amenisimulia hayo penye ua. Ni mara ya kwanza amenisemesha tangu siku ya pazia.

26 Mei, Ijumaa

Madaktari wameondoka asubuhi. Nilikuwa stendi nikinunua nyanya, gari lao likapita. La kushoto linangoja Novemba. Mvua imepungua.

28 Mei, Jumapili

Mama amerudi Matulo. Pikapu ilisimama mbele ya kwa Arafa, na safari hii sikwenda nyuma ya choo. Nilisimama langoni kwangu, nimeelekea barabarani, uso nimeugeuza pembeni inavyopasa. Nasambu alimsaidia kupanda.

Gari lilipokuja usawa wangu nilichungulia kidogo, Mungu anisamehe. Mama alikuwa ameinua ncha ya leso akafunika jicho la kulia, lile linaloona. Alinielekezea lile la kushoto, lililobaki jeupe. Lilipita mbele yangu polepole, maana dereva alikuwa akikwepa matope.

Amefanya vile kwa heshima. Anayesoma aelewe hivyo. Lakini mimi nimeingia ndani nikakaa kwenye mkebe wa unga mpaka ugali ukaungua.

29 Julai, Jumamosi

Daftari lilikuwa limelala chini ya magazeti. Sikuwa na la kuandika. Mvua imekwisha, watu wanang'oa maharagwe.

Leo saa tano mwendesha baiskeli amesimama langoni na gunia limefungwa nyuma. Limetoka Matulo kwa pikapu, yeye amelichukua stendi. Nasambu alikuwa uani anaanika sare zake. Yule bwana akampita, akarudi, akamtazama, akanitazama mimi mlangoni na kisu na kitunguu mkononi.

"Samahani, wazee. Wameniambia nisipatie bibi wala bwana. Nimpatie mwenye jiko."

Nasambu akaendelea kuanika, mgongo ametugeuzia. Mabega yalikuwa yakitikisika.

"Ni mimi," nikasema.

"Wewe?"

"Mimi. Weka hapa."

Ndani ya gunia kulikuwa na maganda makavu ya maharagwe, yamejaa mpaka juu, na katikati ya maganda chungu cheusi chenye matundu chini, kikuukuu, ukingo umelika upande mmoja kwa mikono ya watu wengi. Ndani ya chungu kulikuwa na mwiko wangu.

Nimechoma maganda mchana huu, nyuma ya nyumba, dirisha wazi. Arafa aliona moshi akasogea penye michongoma kusimamia, na kila hatua alikuwa na la kusema, aliloachiwa na mama. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Nyasi kwanza, kisha majivu, kisha maji pole pole. Ya kwanza imetoka nyeusi kama chai ya msibani. Nimeosha nayo sufuria zote, zangu na zake, zimeng'aa.

Ya pili nimekinga. Kwanza nimeionja mimi, kijiko kizima, nikangoja nusu saa kwa saa ya ukutani. Chupa moja nimempa Arafa. Nyingine itakwenda Matulo Jumatatu, na chungu kimebaki hapa. Nimezibandikia karatasi, kama desturi ya maabara: tarehe, MUNYU, WA PILI, na jina langu mimi niliyeutengeneza. Wakhungu.